Vape kwa usukani: kumbe sheria ya mkoloni ndiyo iko macho

Wasee, jioni mkiwa ndani ya mat pale Waiyaki Way mkienda Kangemi, angalieni magari ya kando. Dereva mkono mmoja kwa usukani, mwingine umeshika vape, na kioo cha mbele kimejaa wingu jeupe. Ati hakuna sheria inamgusa?

Sheria ya tumbaku ya 2007 ilifukuza sigara kwa matatu, lakini iliandikwa ikiwazia kitu kinachowashwa moto. Kanuni za makosa madogo barabarani za 2016 zikataja simu: ukiitumia gari likitembea, faini ni Sh2,000. Vape hazikuitaja.

Sasa rudi nyuma kabisa. Sheria ya Trafiki ilianza kutumika Januari 1954, mkoloni akiwa bado hapa, na kifungu chake cha 49 hakijali umeshika nini. Kinauliza tu kama unaendesha kwa uangalifu na kuwajali wengine. Kwangu hiyo ndiyo akili, maana vifaa hubadilika kila siku. Noma ni kwamba uzembe unahitaji ushahidi kortini, na simu inaonekana tu kwa macho. Kwa hivyo ni rahisi mwenye simu kuandikiwa, mwenye vape apite akipuliza, na mama anayevuka barabara Kangemi ajipange.