Barabara ya Pugu: Nusu Karne ya Kugombea Gari

Kabla ya kupewa jina la Nyerere, barabara inayotoka mjini Dar es Salaam kwenda Ukonga iliitwa Barabara ya Pugu, na Nyerere mwenyewe aliijua vizuri. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa sekondari ya Mtakatifu Fransisko kule vilimani Pugu huku akiiongoza TANU, iliyozaliwa mjini Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu, akahamia kwenye siasa moja kwa moja. Enzi hizo Ukonga ilikuwa shamba, na mwenye shughuli mjini alijua kuwa siku yake imekwisha.

Reli ilikuwapo tayari. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ilikatiza Gongo la Mboto na Pugu ikifuata mazao na abiria wa bara. Mkazi wa njiani hakuwamo kwenye hesabu, na hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike: kwa miaka mingi, kila chombo kikubwa kilichopita Ukonga kilijengwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ukanda huu uliendelea kujaa viwanda: mabati ya ALAF, sigara Chang'ombe, nguo Gongo la Mboto. Mwaka 1974 shirika la mabasi la DMT, lililokuwa limetaifishwa, likagawanywa: KAMATA ikabeba safari za mikoani, UDA ikabeba jiji. Waliokuwa vijana wakati huo bado wanayasimulia mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yaliyoungwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Wafanyakazi wa baadhi ya viwanda na mashirika walikuwa na gari la kazini: linawachukua kwa zamu, linawarudisha kwa zamu.

UDA haikudumu na nguvu zake. Mafuta yalipanda bei, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakausha hazina, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana. Basi likiharibika linaegeshwa, halafu linakuwa ghala la vipuri vya mengine. Foleni za vituoni zikarefuka, magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kificho, na mwaka 1983 serikali ikakubali yaliyokuwa yakionekana kwa macho: daladala zikaruhusiwa kwa nauli ya shilingi 5. Zikaja chai maharage, abiria wakitazamana kwenye mabenchi, kisha vipanya, kisha DCM na Coaster.

Ni haki kuwashukuru wenye daladala. Bila wao jiji lingesimama. Lakini lazima tueleze daladala zilivyofanya kazi. Dereva na konda hawakuwa na mshahara. Walikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu daladala, aliwaweka wafanyakazi hao katikati ya maelezo yake. Ukiijua hesabu unaelewa mengine yote: kwa nini gari linakimbizwa, kwa nini ruti inakatishwa kwenye makutano ya Tazara na abiria wa Ukonga wanateremshwa, kwa nini mwanafunzi wa nauli ndogo anazibiwa mlango. Unaelewa pia kugeuza nayo: abiria anayetaka kwenda mjini anapanda gari linalorudi mwisho wa ruti, analipa nauli mbili ili tu apate siti. Mjamzito na mzee, wasioweza kupenya dirishani, hubaki kituoni.

Miaka ya 1990 ikaleta ubinafsishaji. Viwanda vingi vya umma vikauzwa au kufungwa, watu wakapunguzwa kazini, na gari la kazini likaondoka pamoja na kazi. Aliyekuwa akienda kiwandani kwa zamu sasa alikwenda Kariakoo kununua bidhaa alfajiri na kurudi nazo jioni, saa zilezile na kila mtu. Nyumba nazo ziliongezeka Kitunda, Kivule na Majohe, lakini barabara kuu haikupanuka nazo. Kwa miaka mingi njia nne ziliishia uwanja wa ndege. Baada ya hapo, kuelekea Banana na Ukonga, zilibaki mbili. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililozinduliwa Septemba 2018, lilipunguza msongamano wa makutano, lakini halikumwongezea siti anayesubiri kituo cha Mombasa kule Ukonga.

Treni ndiyo iliyobadilisha ule utaratibu wa vyombo kupita Ukonga kwa ajili ya watu wengine. Oktoba 2012, chini ya Waziri wa Uchukuzi Harrison Mwakyembe, shirika la reli la TAZARA lilianza kubeba abiria wa jiji hadi Mwakanga, na lile la TRL kutoka Stesheni hadi Ubungo. Mwaka 2016 ikaja treni ya Pugu, kwenye njia ileile ya Wajerumani. Safari zake zilikuwa chache, lakini ilikuwa na saa yake na nauli isiyopandishwa na mvua. Nadhani hatukuithamini ipasavyo. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, inasimama Pugu na kuendelea bara.

Sasa ni zamu ya mabasi ya mwendokasi. Ujenzi wa awamu ya tatu, takriban kilomita 23 kutoka katikati ya jiji hadi Gongo la Mboto, ulianza mwaka 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wakazi wa Kimara walipata huduma hiyo tangu Mei 2016, wakajifunza kwamba njia bila mabasi ya kutosha huhamishia tu msongamano ndani ya kituo. Ukonga inastahili mabasi ya kutosha tangu siku ya kwanza. Inastahili pia lami ya kwenda Majohe, Kivule na Ulongoni, ambako mvua ikinyesha daladala hugeuzia njiani na bodaboda hupandisha bei, na mtu aliyeshuka barabara kuu kwa nauli halali anatoa nyingine kubwa zaidi ili afike nyumbani kwake.