Kabla ya Makontena: Wanahistoria Huyajuaje Maisha ya Mashamba Yetu?

Juzi baada ya magharibi tulikuwa tumekaa barazani hapa Chaani, lori za makontena zikipita na vumbi lao, kijana mmoja akaniuliza, "Ami, kabla ya haya yote huku kulikuwa na nini?" Nikamjibu mara moja, "Mashamba." Akaniuliza tena, "Umejuaje?" Hapo nikababaika. Mimi niliambiwa na bibi yangu, basi.

Swali lake lilinifanya nitafute jinsi wanahistoria wanavyoifanya kazi hii. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kikaanza kazi 1963. Maisha ya ukulima yaliyotangulia hayo wanayasoma kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni hati. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, mauzo na rehani za mashamba ya pwani ziliandikishwa serikalini. Mwanahistoria Frederick Cooper alizipekua kumbukumbu za Mombasa na Malindi, na kitabu chake cha mwaka 1977 kinaeleza jinsi Malindi ilivyolima mtama na ufuta kwa wingi na kuuza ng'ambo. Wengi wa waliolima walikuwa watumwa. Lakini hati humtaja muuzaji, mnunuzi na mipaka. Aliyeshika jembe hana jina.

Hati pia huficha. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai aje aandikishe. Wamijikenda wengi hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Anayesoma mafaili hayo peke yake atadhani kulikuwa pori tupu, na kumbe watu walikuwa wakilima na kuzika hapo.

Ndiyo maana njia ya pili ni vinywa vya wazee. Cooper aliwahoji pia. Thomas Spear aliwasikiliza wazee wa Kimijikenda juu ya maisha ya makaya, akatoa kitabu mwaka 1978. Mwaka 1993 Justin Willis akaja na hoja nyingine: kwamba jina Mijikenda lenyewe ni la karibuni, na kwamba zamani watu walivuka kutoka ujamaa mmoja kuingia mwingine, wa mjini na wa mashambani. Kwa hivyo neno la mzee nalo hupimwa: nani anasema, anamwambia nani, na ana nini cha kulinda. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani yetu mwaka 1907. Mjukuu wa bwana na mjukuu wa mtumwa hawatasimulia shamba moja kwa namna moja. Jambo hili barazani tunalikwepa, lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kulikwepa.

Njia ya tatu ni udongo. Kule Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walichambua udongo wa makazi ya zamani wakapata mbegu zilizoungua. Tumbe, kijiji cha mwanzo, kulikuwa na mawele zaidi. Chwaka, mji uliokuja baadaye, mchele ndio ulioshika nafasi. Hakuna aliyeliandika hilo. Majivu ya jikoni ndiyo yaliyosema.

Mfaransa Marc Bloch, katika kitabu chake cha mwaka 1931 juu ya mashamba ya Ufaransa, alifundisha kuanza na kinachoonekana leo kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua. Nasi tunaweza. Mwembe mkongwe katikati ya nyumba za kupanga, kisima kilichofukiwa, kaburi la zamani, jina la mtaa: vyote ni ushahidi. Hata jina Changamwe ni la moja ya Thelatha Taifa, pamoja na Kilindini na Tangana.

Babu yangu aliacha kasha la karatasi za hati za Kiarabu. Tulipolifungua miaka mingi baadaye, mchwa walikuwa wameshamaliza, tukatupa. Huenda yalikuwa mauzo, huenda wasia. Sitajua tena, na kosa ni letu wenyewe.

Mombasa hii, ambako wengi wetu tuna nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine, kujua nani alilima wapi si mchezo. Hilo halitashinda kesi peke yake, lakini litamzuia mtu kutuambia kwamba hapa hapakuwa na watu.

Basi, kama una karatasi kuukuu, zipige picha leo. Kama bibi yako yu hai, mwekee simu imrekodi. Usimuulize tu shamba lilikuwa la nani. Muulize nani alipalilia, nani alivuna, na mavuno yaligawanywa vipi. Akinyamaza, ngoja. Huenda jibu lenyewe limo katika ukimya huo.