Njinjo na mjadala wa matokeo ya Vita vya Maji Maji

Njinjo ni kata ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kwenye barabara ya Nangurukuru hadi Liwale, kusini mwa milima ya Umatumbi. Imo katika sehemu ya nchi ambayo wanahistoria bado wanaibishania: jeshi la Kijerumani liliiharibu kwa kiasi gani, na kwa muda gani?

Vita vilianza Nandete, Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Gavana von Götzen hakuwa na askari wa kutosha, akaletewa manowari na wanamaji. Hata hivyo kilichowashinda wapiganaji ni njaa, na njaa hiyo ilikusudiwa. Vikosi, ambavyo askari wake wengi walikuwa Waafrika, vilichoma vijiji, vikapora vihenge na kuharibu mazao shambani. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee wa Umatumbi, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo si la kushangaza: wengi walikufa baada ya mapigano kwisha, na taarifa za kijeshi hazikuhesabu wafu wa namna hiyo.

Helge Kjekshus (1977) na John Iliffe (1979) walikwenda mbele zaidi. Kwa maelezo yao, mashamba yalipokosa wenyewe pori lilirudi, likaleta wanyama na mbung'o, na watu wakashindwa kurejea. Hoja hii ina nguvu, ila haijitoshelezi. Wajerumani walikwisha kutenga hifadhi ya wanyama upande wa Rufiji mwaka 1896. Waingereza walipoiteka Kilwa Septemba 1916, vita vingine vikachukua chakula na wapagazi. Hifadhi ya Selous ilianzishwa 1922, na katika miaka ya 1940 serikali iliwahamisha wakazi wa Liwale kwa sababu ya malale, hifadhi ikapanuka. Kila hatua ilikuta nchi iliyopungua watu, ikaipunguza tena. Kumbebesha Götzen mzigo wote ni kuwasamehe waliomfuata.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea, walikonyongwa viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Majina ya viongozi hao yanajulikana. Waliokufa kwa njaa bara ya Kilwa hawakuorodheshwa.