Kipimo cha Damu cha Saratani ya Tumbo: Funzo la Historia kwa Dodoma

Kwa muda mrefu saratani ya tumbo ilijulikana baada ya kuchelewa: mgonjwa amekonda, chakula hakikai, na uvimbe unashikika kwa mkono juu ya kitovu. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Michigan, Marekani, alionyesha mrija unaopinda wenye nyuzi za kioo, na daktari akaweza kuliona tumbo kwa ndani kwa urahisi zaidi. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walifanikiwa kuotesha bakteria Helicobacter pylori, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, likamtaja kuwa kisababishi cha saratani. Katika mfululizo huo, kila ugunduzi ulisaidia zaidi pale kamera ya mrija ya kuchungulia tumbo na maabara ya patholojia vilipokuwa karibu na mgonjwa. Kwa hoja hiyohiyo tukipime kizazi kipya cha vipimo, vile vya maikro-RNA katika damu, kabla ya kuvitamani katika uwanda wa kati wa Tanzania.

Maikro-RNA ni vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti kazi za jeni. Victor Ambros na Gary Ruvkun walivibainisha mwaka 1993 wakichunguza mnyoo mdogo, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipande hivyo hudumu katika majimaji ya damu na vinaweza kuashiria saratani. Miaka miwili baadaye, kundi la Kyoto, Japani, lilikuta maikro-RNA iitwayo miR-21 na nyingine kadhaa zimezidi katika damu ya wagonjwa wa saratani ya tumbo, na viwango vikashuka baada ya upasuaji. Hapo likazaliwa tumaini la pili: kumfuatilia mgonjwa na kukadiria hatima yake.

Singapore iliidhinisha kipimo cha maikro-RNA 12 mwaka 2019, baada ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 5,000. Kilibaini wagonjwa wapatao 87 katika kila 100, lakini pia kiliwashuku kimakosa karibu thuluthi moja ya wasio na saratani. Tuchukue mfano wa watu 10,000 ambao 10 kati yao ni wagonjwa. Kipimo kitawakamata kama tisa, kisha kitawaelekeza kwenye kamera wazima zaidi ya 3,100. Bila kamera, hao wote watabaki na hofu isiyo na jibu.

Wapo watakaosema maradhi haya si tatizo letu, kwa sababu tangu mwaka 1992 wataalamu wamezungumzia fumbo la Afrika: bakteria wengi, saratani chache. Lakini saratani isiyopimwa haihesabiki. Mapitio ya wagonjwa 232 wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi walifika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Wengine watasema fedha ziende kwenye malaria na uzazi. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana sipendekezi kupima kila mtu. Wapimwe waliovuka umri wa makamo ambao maumivu na kiungulia vinawarudia licha ya dawa, wale wanaoambiwa dukani kila mara kwamba ni vidonda vya tumbo.

Kuna pia kazi ya mikono ambayo barabara za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni zitaipima. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa, humwaga maikro-RNA zake na kupotosha jibu, hivyo damu izungushwe kwenye mashine na kutenganishwa mapema, kabla ya safari ndefu. Tena viwango vya kawaida vya Singapore si lazima viwe vya Wagogo, Warangi na Wanyaturu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa mwaka 2015, na Chuo Kikuu cha Dodoma vina nafasi ya kuanza: kuongeza kamera na wataalamu wa patholojia, kuhifadhi sampuli, kisha kukipima kipimo chenyewe kwa wagonjwa wetu. Kipimo cha damu kitufae kuchagua nani aende kwenye kamera kwanza. Kisinunuliwe kuficha kwamba kamera hazitoshi.