Rupia za Mjerumani na Udongo wa Kilimanjaro

Kwenye vihamba vya Old Moshi, Kibosho na Marangu, hadithi ya mali za Mjerumani imerithishwa pamoja na migomba. Inasemekana kwamba askari wa Kaisari, waliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walifukia rupia na dhahabu chini ya mawe yenye alama, karibu na maboma, makanisa na mashamba ya walowezi. Hadithi hiyo imeenea sehemu nyingi za Tanzania Bara, na kwa miaka mingi watafutaji wake walitegemea majembe na waganga. Sasa wapo wanaokuja na detekta, chombo kilekile ambacho watu wa ufukweni hutembea nacho kwenye maji ya magotini wakitafuta pete na mikufu iliyowadondoka waogeleaji.

Chombo hicho hutoa uga wa sumaku. Uga huo ukipita kwenye metali, huzaa mkondo mdogo wa umeme, na mashine ikiuhisi hulia. Baharini kinachokisumbua ni maji ya chumvi, kwa sababu nayo hupitisha umeme. Kilimanjaro kinachokisumbua ni mlima wenyewe: udongo wa volkeno una chembechembe za magnetiti, madini ya chuma, na mashine isiyorekebishwa vizuri hulia hata pasipo na kitu. Mtu huchimba, akakuta jiwe jeusi, akahama hatua chache, akachimba tena.

Rupia zenyewe zilikuwapo, hilo halina ubishi. Kuanzia mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm II, iliyogawanywa kwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikaleta rupia mpya ya hela 100. Sarafu hizo zilipanda mlimani kwa njia ya kahawa na vibarua, zikashuka kwa njia ya kodi. Kodi ya kibanda iliyoamriwa mwaka 1897 ilidai rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, na asiyekuwa nazo alilipa kwa kazi. Kwa hiyo rupia moja ikiokotwa leo shambani, ni rahisi zaidi kuamini kwamba ilimdondoka mkulima aliyekuwa akiihifadhi kwa ajili ya kodi kuliko kwamba ilitoka kwenye sanduku la jenerali.

Na dhahabu? Ilikuwapo pia, lakini mbali. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na manowari za Waingereza na sarafu zimeadimika, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kupiga sarafu za rupia 15 huko Tabora. Zilitoka zaidi ya 16,000, zikiwa na tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima ambao wakusanyaji wengi wa sarafu husema ni Kilimanjaro. Picha hiyo huenda ndiyo iliyowasha tamaa. Ila Tabora ilikuwa kwenye Reli ya Kati, na Moshi kwenye reli ya Tanga, na njia hizo mbili hazikuunganishwa hadi mwaka 1963. Tena Moshi ilitekwa na majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts Machi 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, ilhali Tabora iliendelea kushikiliwa na Wajerumani hadi Septemba.

Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, aliondoka akirudi kusini kwa kufuata reli, kupitia Kahe, kwa mpango. Jeshi lenye treni halihitaji kuacha hazina yake chini ya mgomba.

Hasara ya msako huu ni ya kweli. Matapeli huuza rupia bandia kwa ahadi tele, misingi ya majengo ya zamani hufukuliwa, na kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kinachouma zaidi ni kwamba nguvu hizo zinaelekezwa kwa mali aliyoiacha Mjerumani, wakati Old Moshi inadai alichokichukua. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa hapo na Wajerumani pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake umeshikilia tangu hapo kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikidai kwa miongo kadhaa.

Septemba 2023 Shirika la Urithi wa Kitamaduni wa Prussia, mjini Berlin, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Kwa vipimo vya vinasaba, fuvu moja lililoandikwa “Akida”, la mshauri wa Meli, lililingana na mzao wake aliye hai. Fuvu la Meli mwenyewe halikupatikana katika uchunguzi huo.