Lugha za Asia Chuoni: Je, Zina Faida Gani Kwetu?

Jioni moja hapa Bwiza tulijiwa na mzazi mmoja pamoja na kijana wake aliyekwisha kuhitimu sekondari. Kijana alitaka kusoma Kichina chuoni. Baba, mfanyabiashara mdogo, alimtaka asomee uhasibu. "Mwalimu," alituambia mzee huyo, "mimi ada nitaweza kulipa mara moja tu. Hicho Kichina kitamlisha mtoto?" Hatukuwa na jibu la haraka, tukaomba siku chache. Makala haya ndiyo matunda ya siku hizo, nasi tumeona yafaa kuitazama historia kwanza, kabla ya kufika kwenye riziki.

Asia haikuja kwetu jana. Mtoto wa Bwiza asemapo kwa Kirundi igitabo, ikaramu na isaha, hutamka maneno ya Kiarabu yaliyomfikia kwa njia ya Kiswahili. Alapo umwembe, hulitaja tunda hilo kwa jina lenye asili ya Kihindi. Gari na pesa za Kiswahili nazo zina asili hiyo hiyo. Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Amahera, yaani fedha, si neno la Asia hata kidogo. Limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani waliotawala hapa hadi Wabelgiji walipoingia mwaka 1916. Asiyezijua lugha hizo hubahatisha tu.

Maneno hayo yalisafiri pamoja na watu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kutangulia. Kutoka huko bidhaa na maneno vilipanda ziwa hadi kwetu kaskazini. Baadaye Waarabu na Wahindi walifungua maduka katika mji huu, na hata leo Bujumbura ina mtaa uitwao Quartier Asiatique.

Liko jambo kubwa zaidi. Miongoni mwa barua za Kiswahili kongwe kabisa zijulikanazo ni zile zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu tangu mwaka 1711. Barua hizo hazikuhifadhiwa Kilwa wala Unguja, bali Goa, huko India. Vivyo hivyo, habari za wajumbe wa Malindi waliompelekea mfalme wa China twiga mwanzoni mwa karne ya 15 zimo katika kumbukumbu za Kichina. Kwa hiyo sehemu ya historia yetu imefungiwa katika makabati ya Asia, na ufunguo wake ni lugha.

Wenzetu waliutambua ukweli huo mapema. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na katika miaka hiyo hiyo vyuo vya Beijing vikaanza kukifundisha. Osaka, huko Japani, na Seoul, huko Korea, walifuata katika miaka ya 1980. Wao wamesoma lugha yetu kwa zaidi ya miaka 60, sisi tumechelewa. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza mwaka 1964, sasa kina Taasisi ya Confucius ifundishayo Kichina, lakini hiyo ni taasisi iliyoletwa na mwenyewe mwenye lugha. Mazungumzo ambayo upande mmoja tu unaielewa lugha ya mwenziwe si mazungumzo ya haki. Mkataba utasomwa na nani kwa niaba yetu?

Hata hivyo, shaka ya yule mzee haikuwa ya kipuuzi. Burundi na China zilianza uhusiano wa kibalozi mwaka 1963, ukavunjika mwaka 1965, ukarudishwa mwaka 1971. Kijana ambaye angeichagua lugha kwa kutegemea urafiki wa serikali peke yake angejikuta, baada ya muda mfupi tu, hana pa kwenda na elimu yake. Lugha pekee ni jembe lisilo na mpini. Mpini wake ni ujuzi mwingine: uhasibu, sheria, uganga, historia au ualimu.

Tulipomrudia mzee, hatukumwahidi kazi. Tulimwambia kwamba mtoto asome uhasibu na Kichina pamoja, wala asikitupe Kiswahili, kwa kuwa mfasiri asiyeimudu lugha ya kwao hana pa kuupeleka ujuzi alioupata ugenini. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi na ajaribu mwaka mmoja, tuone." Kwetu hilo lilikuwa jibu la busara.

Upo msemo mashuhuri uhimizao kutafuta elimu hata China. Zamani uliashiria umbali tu. Leo Mchina huuza bidhaa mjini mwetu, wala hatuhitaji kupanda jahazi ili kumfikia. Lililobaki ni kazi yetu sisi walimu: mwanafunzi atuulizapo faida ya lugha za Asia, tusimcheke, wala tusimdanganye kwa ahadi za utajiri. Tumfungulie kwanza kamusi ya Kiswahili, tumwonyeshe ni wageni wangapi wa Asia wamekwisha kuwa wenyeji humo. Kisha tumwulize yuko tayari kuushika mpini gani.