Mpira wa Mikono: Kanuni za Mashindano ya Shule

Mpira wa mikono, uitwao pia hendiboli, ni mchezo wa timu mbili zenye wachezaji 7 kila moja uwanjani, ambao kwa kupasiana, kudundisha na kurusha mpira kwa mkono hujaribu kuutia katika lango la wapinzani, na timu iliyofunga mabao mengi zaidi ndiyo mshindi. Kanuni zake hutungwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Mikono, na shule, ziwe za Niemba na Kalemie huko Kongo au za Dodoma na Kampala, huzifuata hizo hizo, isipokuwa katika mambo machache yaliyolegezwa kwa kuuangalia umri wa watoto.

Asili

Mchezo huu ulizaliwa mikononi mwa walimu. Mnamo 1898 Holger Nielsen, mwalimu wa Ordrup katika nchi ya Denmark, aliwafundisha wanafunzi wake mchezo wa kurushiana mpira, na kanuni zake zikapigwa chapa mwaka 1906. Huko Berlin, tarehe 29 Oktoba 1917, Max Heiser alitoa kanuni za mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya wanawake, na mwaka 1919 Carl Schelenz akazirekebisha hata ukawafaa wanaume pia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936 ulichezwa na watu 11 kila upande juu ya uwanja wa majani. Shirikisho la Kimataifa liliundwa Copenhagen mwezi Julai 1946, na mchezo wa watu 7 ukaingia Olimpiki ya Munich ya 1972 kwa wanaume na ya Montreal ya 1976 kwa wanawake. Shirikisho la Afrika liliasisiwa mwaka 1973.

Kiwanja na lango

Kiwanja ni mstatili wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na yapasa kuachwa nafasi tupu isiyopungua mita 1 pembeni na mita 2 nyuma ya malango, ili mtoto akimbiaye asijigonge. Lango lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 kwa ndani. Mistari yote ina upana wa sentimita 5, ila ule ulio kati ya miimo ya lango, ambao ni wa sentimita 8 sawasawa na unene wa miimo yenyewe.

Mstari ulio muhimu kupita yote ni ule wa mita 6, uzungukao eneo la mlinda lango. Mwalimu asiye na vyombo vya upimaji aweza kuuchora kwa kamba na chokaa: hushikiza ncha ya kamba ya mita 6 katika kona ya ndani ya nyuma ya mwimo mmoja, akazungusha robo ya duara, hufanya vivyo hivyo katika mwimo wa pili, kisha huziunganisha robo hizo mbili kwa mstari mnyoofu wa mita 3 ulio sambamba na lango. Kwa kamba ya mita 9 hupatikana mstari wa vipande wa mapigo huru. Katikati mbele ya lango huchorwa mstari wa mita 7 kutoka langoni, wenye urefu wa mita 1, na mstari mfupi wa mita 4 kutoka langoni ambao mlinda lango haruhusiwi kuupita wakati wa pigo la mita 7. Uwanja wa udongo uliochorwa hivyo kwa uaminifu hauzidiwi na ukumbi wa mji mkuu katika jambo lolote la kanuni.

Mpira, umri na muda

Mpira una saizi tatu. Wa kwanza, wenye mzingo wa sentimita 50 hadi 52, ni wa wavulana wa miaka 8 hadi 12 na wasichana wa miaka 8 hadi 14. Wa pili, wa sentimita 54 hadi 56, ni wa wavulana wa miaka 12 hadi 16 na wasichana waliozidi miaka 14. Wa tatu, wa sentimita 58 hadi 60 na uzito wa gramu 425 hadi 475, ni wa wavulana waliozidi miaka 16. Kumpa mtoto mdogo mpira wa watu wazima ni kumdhulumu, maana kiganja chake hakiwezi kuushika, na asiyeweza kuushika hawezi kuurusha ila kwa kubahatisha.

Watoto wa miaka 8 hadi 12 hucheza vipindi viwili vya dakika 20, wa miaka 12 hadi 16 vipindi viwili vya dakika 25, na waliotimiza miaka 16 vipindi viwili vya dakika 30, na mapumziko katikati kwa kawaida ni dakika 10. Waandaaji wa mashindano ya shule, wakiwa na mechi nyingi kwa siku moja, aghalabu huvifupisha vipindi hivyo kwa tangazo la mapema.

Mwenendo wa mchezo

Mchezo huanzia katikati ya kiwanja baada ya filimbi, na kila bao likiisha kufungwa, timu iliyofungwa ndiyo ianzayo tena. Tangu 2022 viwanja vya mashindano makubwa vina duara la kuanzia lenye kipenyo cha mita 4. Penye kukosekana duara hilo, mchezaji kuweka mguu mmoja juu ya mstari wa kati kwatosha.

Mchezaji ana ruhusa ya kuushika mpira kwa muda usiozidi sekunde 3 na kwenda nao hatua zisizozidi 3. Aweza kuudundisha apendavyo, lakini akiisha kuukamata tena hana haki ya kuudundisha mara ya pili, bali sharti apasie au arushe. Ni halali kuugusa kwa mikono, kichwa, kiwiliwili, mapaja na magoti. Ni haramu kuugusa kwa mguu chini ya goti, ila kwa mlinda lango anayelinda ndani ya eneo lake.

Hakuna mchezaji wa uwanjani aruhusiwaye kukanyaga ndani ya mita 6. Lakini hewa iliyo juu ya eneo hilo si ya mtu, na ndiyo maana mshambuliaji huruhusiwa kuruka kutoka nje ya mstari na kurusha angali hewani, kabla nyayo zake hazijagusa chini. Na hapo ndipo palipo uzuri wote wa mchezo huu.

Timu ishikayo mpira bila nia ya kushambulia huonywa na mwamuzi kwa kuinua mkono. Tangu Julai 2022 iliyoonywa ina pasi 4 tu kabla ya kurusha langoni, ilhali hapo nyuma zilikuwa 6.

Makosa na adhabu

Beki ameruhusiwa kusimama mbele ya mpinzani kwa kifua na kumfuata kwa mikono iliyokunjwa. Hakuruhusiwa kumvuta, kumsukuma, kumkumbatia wala kumpokonya mpira kwa nguvu. Kosa la kawaida huleta pigo huru, na wapinzani sharti wakae mita 3 mbali na mrushaji. Kosa liondoalo nafasi ya wazi ya kufunga huleta pigo la mita 7, ambapo mrushaji hukabiliana na mlinda lango peke yake, na wengine wote hukaa nje ya mstari wa mita 9.

Adhabu za mwenendo hupanda kwa daraja. Ya kwanza ni kadi ya manjano, isiyopaswa kuzidi moja kwa mchezaji na tatu kwa timu. Ya pili ni kutolewa nje dakika 2, na timu yake hubaki na pengo muda huo wote. Atolewaye mara ya tatu huonyeshwa kadi nyekundu na harudi tena, ingawa timu yaweza kumwingiza mwingine dakika 2 zikipita. Kadi ya buluu, iliyoongezwa mwaka 2016, maana yake ni kwamba waamuzi wataandika taarifa kwa wakuu wa mashindano ili hukumu zaidi itolewe. Daraja hizi zina hekima ya malezi: humpa mtoto mwenye hasira nafasi ya kujirudi kabla hajafukuzwa.

Waamuzi

Ni wawili wenye mamlaka sawa, wakisaidiwa na mtunza saa na mwandishi wa mabao.

Mashindano ya shule

Katika Tanzania mpira wa mikono huchezwa katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na ya UMISSETA kwa shule za sekondari, na shule za sekondari za Afrika Mashariki hukutana katika michezo ya FEASSSA, ambamo mchezo huu umo pia.

Kongo na Niemba

Timu ya taifa ya wanawake ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifika fainali ya Afrika mwaka 2014, na ilicheza Kombe la Dunia la 2013, 2015 na 2019. Wanaume walilifikia lao kwa mara ya kwanza huko Misri mwaka 2021. Niemba, iliyotajwa mwanzoni, ni kituo kwenye reli iendayo kutoka Kalemie hadi Kabalo.

Kwa shule zilizo mbali na miji, manufaa ya kanuni hizi ni kwamba vipimo havina tajiri wala maskini: mtoto aliyezoea mita 6 za kweli nyumbani hatakuwa mgeni popote atakapokwenda kushindana. Basi walimu na wachore mistari yao kwa kamba, wala wasikisie kwa jicho.